Gemu 400, zote kuruka na kupiga risasi: mpira uko wapi?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nina kibanda kidogo cha video hapa Busia, upande wa Uganda. Nilinunua mashine ndogo ya mkononi iliyoandikwa "gemu 400", na nyingine ya kuunganisha kwenye tivi, yenye pedi mbili na bunduki ya plastiki. Watoto wanalipa shilingi 500 kwa zamu. Mwanzoni walifurika. Sasa wananung'unika: kila wakifungua gemu mpya wanakuta ni kuruka au kupiga risasi, na nyingine naona ni ile ile iliyopewa jina jingine. Wao wanataka mpira na ngumi. Je, mashine za zamani hazikuwa na gemu za aina nyingine, au nimeuziwa mbovu? Na bunduki mbona haiangushi hata ndege mmoja?

JIBU

Hujauziwa mbovu, ndugu yangu. Shida ni kwamba aliyepanga orodha hiyo ya 400 hakuchagua gemu kwa utamu, alichagua kwa udogo. Gemu zisizokula nafasi ndizo alizozijaza, na za enzi ile zisizokula nafasi nyingi ni hizo hizo za kuruka na kupiga risasi.

Kwanza hiyo 400 yenyewe. Chukua kalamu, pitia menyu yote, na mbele ya kila jina andika unachokiona baada ya kubonyeza Start. Utamkuta Mario sehemu kadhaa: hapa anaanza mwanzo kabisa, pale amebadilishiwa rangi ya nguo, kwingine anaanzia katikati ya safari, na kila mmoja ana jina lake. Contra nayo hufanyiwa hivyo hivyo. Jina hili unaanza na bunduki ya kawaida, jina lile unaanza na ile inayotawanya risasi. Kazi inayofanyika hapo ni ndogo sana: kabla ya kuiachia gemu, menyu inaingiza namba mbili tatu kwenye kumbukumbu, kama ngazi ya kuanzia au idadi ya maisha. Namba hizo hazili nafasi, lakini kwenye boksi zinahesabiwa kuwa gemu nyingine. Ukishafuta marudio, orodha inayobaki ndiyo mali uliyonunua.

Ukiifungua ile ya mkononi (toa betri kwanza; mara nyingi ni ile ile ya simu za katochi), hutaona prosesa huku na chipu ya picha kule. Utaona bodi yenye tone jeusi la gundi ngumu, na chipu ya kumbukumbu pembeni. Chini ya lile tone imo Famicom nzima, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983 na baadaye ikauzwa Marekani na Ulaya kwa jina la NES. Wameiiga yote wakaibana ndani ya kipande kimoja. Kwa hiyo mipaka yote ya Famicom umeirithi.

Mpaka wa kwanza ni nafasi. Prosesa ya Famicom ilikuwa inaona kilobaiti 32 za programu kwenye kaseti kwa wakati mmoja, na chipu ya picha inaona kilobaiti 8 za michoro. Jumla 40. Gemu za miaka ya mwanzo zilibanwa humo. Super Mario Bros. ya 1985 ni kilobaiti 40 barabara. Battle City ya Namco, hiyo ambayo watoto wako bila shaka wanaiita Tank, ni 24 tu. Baadaye watengenezaji walianza kuweka chipu ya ziada ndani ya kaseti, inayobadilisha kurasa: prosesa inasoma ukurasa huu, ikimaliza inaletewa mwingine mahali pale pale. Hapo gemu zikanenepa. Contra ina kilobaiti 128. Super Mario Bros. 3, ya 1988, ina 384.

Sasa kaa kwenye kiti cha mtu wa kiwandani aliyepewa chipu moja ya kumbukumbu na kuambiwa boksi liandikwe namba kubwa. Nafasi ya Super Mario Bros. 3 moja inatosha Battle City 16. Unadhani atachagua nini?

Ndiyo maana orodha yako imeelemea gemu za 1983 hadi 1985, na miaka hiyo Famicom ilikuwa bado inaiga mashine za kutumbukiza sarafu. Masayuki Uemura, mhandisi aliyeongoza kazi ya kuiunda, alikuwa analenga iweze kuchezesha Donkey Kong nyumbani. Siku ilipotoka ilikuja na gemu tatu: Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye. Zote ni za kupanda na kukwepa. Gemu ya sarafu haina haja ya hadithi ndefu, inataka ufe mapema utoe sarafu nyingine. Kwa mtu anayetoza shilingi 500 kwa zamu, mimi nisingelilia sana hilo.

Lakini nisiwatupie lawama wauzaji wa 400 peke yao. Hata Famicom halisi ilikuwa na upendeleo wake, na unauona kwenye skrini. Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule zilitoka jasho kusogeza mandhari, kwa sababu ilibidi skrini ichorwe upya. Famicom iliachia chipu ya picha kazi hiyo: programu inatoa namba, mandhari inateleza pikseli (nukta ndogo za skrini) moja moja. Mandhari yenyewe ni vigae vya pikseli 8 kwa 8 vinavyorudiwa. Waite watoto uwaonyeshe wingu na kichaka kwenye Super Mario Bros.: ni mchoro mmoja, umebadilishwa rangi tu. Ukiwa na vigae vichache na chipu inayojua kuteleza, gemu ya kukimbia kuelekea kulia haikugharimu kitu kikubwa. Ongeza pedi yenye vitufe viwili vya kazi. Kimoja cha kuruka, kingine cha kufyatua, vimekwisha. (Ya kwako ikiwa na vinne usidanganyike, viwili vya ziada kwa kawaida ni hivyo hivyo, ila vinajirudia vyenyewe haraka.) Na Mario alipouza vile alivyouza, kila kampuni ilitaka Mario wake.

Tuje kwenye mpira, maana najua hapo ndipo penye kelele kibandani.

Kila kinachotembea juu ya mandhari, awe mtu, risasi au mpira, huundwa kwa vipande vinavyoitwa spraiti. Famicom ina 64, kila moja pikseli 8 kwa 8, au 8 kwa 16 mwandishi wa programu akitaka. Hiyo 64 si kidogo. Kinachobana ni kwamba kwenye mstari mmoja wa mlalo wa skrini zinaonekana 8 tu. Ya tisa haichorwi. Mchezaji mwenye upana wa pikseli 16 anakula mbili, kwa hiyo wachezaji wanne wakiwa usawa mmoja mstari umejaa. Wa tano hayupo, na mpira ukipita hapo nao unaweza kupotea. Fikiria kona imepigwa, mabeki na washambuliaji wamesongamana mbele ya goli, halafu nusu yao ni hewa! Waandishi wa programu walikwepa aibu hiyo kwa kupokezana: fremu hii, yaani picha hii moja, afichwe huyu, inayofuata afichwe yule. Jicho linaona kumetameta. Ndiko kule kumetameta kwa Contra wachezaji wawili wakifyatua pamoja na maadui wakiwa wengi. Wengine huniletea mashine wakisema imeungua. Haijaungua, ndivyo ilivyozaliwa.

Gemu za mpira zilikuwepo hata hivyo. Nintendo wenyewe walitoa Soccer mwaka 1985, ila timu zake si za watu 11, na sasa unajua sababu. Ni ndogo, kwa hiyo itafute kwenye menyu yako, huenda imejificha huko ukurasa wa mwisho. Mtoto aliyezoea kuona Ligi Kuu ya Uingereza kwenye skrini kubwa atacheka kwanza, kisha atanyamaza akifungwa.

Ngumi ni hesabu ile ile. Mpiganaji mwenye mwili wa kuvutia, tuseme upana wa pikseli 32, anakula spraiti nne. Wawili wakikabiliana, nane zimekwisha, na bado hajanyoosha mguu kupiga teke. Ndiyo sababu wapiganaji wa Famicom wengi ni wembamba kama njiti. Urban Champion ya 1984 inawaruhusu watu wawili kutwangana, inafaa kuitafuta.

Kuna aina moja ambayo watoto wako hawajaiuliza kwa sababu hawajawahi kuiona, nayo ni gemu za hadithi na safari ndefu. Kule Japani, baada ya Dragon Quest ya 1986, zilimiminika. Ukitazama rafu ya Famicom ya Kijapani, yenye gemu zaidi ya 1,000, kilichozidi si Mario peke yake: kuna safari hizo, kuna besiboli nyingi kupita kiasi, kuna mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina. Marekani zilifika gemu zenye leseni ya Nintendo zisizotimia 700. Mahjong haikuwa na wateja huko, na kutafsiri hadithi yenye maandishi mengi ilikuwa gharama, hivyo nyingi hazikuvuka bahari. Mashine zako nazo zimeziacha, kwa sababu nyingine: zilihitaji kaseti kubwa, na nyingi zilihitaji betri ndani ya kaseti ili mchezaji aendelee kesho pale alipoishia leo. Kibandani nani atasubiri mtu asome mazungumzo ya mfalme na binti yake?

Kila mashine ya zamani ilikuwa na wingi wake wa namna hii. Atari 2600 ya 1977 ilikuwa na ramu ya baiti 128 tu, na chipu yake ya picha ilitayarishwa iwe na wachezaji wawili, makombora mawili na mpira mmoja, kwa ajili ya gemu za mfano wa Pong (mpira unaopigwa kati ya vibao viwili) na vifaru; haishangazi kwamba risasi zilitawala. PC Engine ya 1987 inajulikana kwa ndege za kivita, na mkono wa kampuni ya Hudson upo hapo: walishiriki kuiunda, na tayari walikuwa na mashindano ya kila kiangazi ya gemu za kufyatua, nchi nzima ya Japani. Super Famicom ya 1990, mrithi wa Famicom, ndiyo kisima cha gemu za hadithi. Prosesa yake ilikuwa ya mwendo wa pole, lakini rangi zilikuwa tele, na gemu ya hadithi haikimbizwi na mtu.

Inayokuhusu wewe ni Mega Drive ya Sega, ya 1988. Spraiti 80, na 20 kwenye mstari mmoja badala ya 8, na moja inaweza kufika pikseli 32 kwa 32. Prosesa yake, Motorola 68000, ndiyo iliyokuwa ndani ya mashine nyingi za sarafu za wakati huo, kwa hiyo gemu za ukumbini zilihamia humo bila taabu kubwa. Pia ndiko michezo halisi ilikorundikana, kwa sababu Electronic Arts, kampuni ya gemu, waliiwahi mapema. Gemu ya FIFA ya kwanza kabisa, mwaka 1993, ilianzia hapo. Pedi ya vitufe sita ilipokuja mwaka huo huo, na ngumi zikapata nyumba ya pili, maana Street Fighter II inataka vitufe sita na Super Famicom ilikuwa navyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukitaka mpira wa zamani, tafuta Mega Drive au nakala yake, na kabla ya kulipa mwambie muuzaji aiwashe uone mpira wenyewe ukichezwa, si picha iliyo kwenye boksi. Ukiniuliza mimi, kwa biashara, ningeweka PlayStation 2 iliyotumika upande mmoja kwa ajili ya mpira, na hizi za 400 upande mwingine kwa bei ya chini kwa wadogo, hasa Battle City na Contra ambazo watu wawili wanacheza pamoja. Ila PlayStation 2 inasoma diski kwa lenzi, na vumbi la malori ya mpakani haliipendi lenzi. Ifunike usiku.

Bunduki haina ugonjwa, tivi ndiyo haiiwezi. Bunduki ile haitoi kitu chochote, ina jicho la kupokea mwanga tu. Ukivuta kifyatulio, gemu inaifanya skrini iwe nyeusi kufumba na kufumbua, halafu inaweka mraba mweupe mahali alipo ndege. Jicho likiona weupe papo hapo, umempata. Tivi ya kichogo inachora picha mara ishara inapofika. Tivi bapa inaipokea, inaichakata, kisha inaionyesha ikiwa imeshachelewa, na gemu imekwisha kuandika kwamba umekosa. Tafuta tivi ya kichogo iliyotupwa stoo kwa mtu, na chomeka waya wa njano moja kwa moja. Usipitishie kwenye kigeuzi chochote, nacho kinachelewesha.