Simu iache juu ya friji

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje: unaandika makala za kulipwa ukiwa nyumbani, umeambiwa bila mitandao hupati wateja, lakini ukiingia Instagram saa tatu asubuhi unatoka saa sita na makala hata kichwa haina.

Nimepita humo humo. Kilichoniokoa ni kuacha simu jikoni, juu ya friji, mpaka maneno 500 yawe yameandikwa. Kuizima hakutoshi, ikiwa mezani utaiwasha tu. Kama asubuhi nzima inakutisha, anza na dakika 25 za Mwitaliano Francesco Cirillo: unatega saa, unaandika, ikilia unapumzika dakika 5. Yeye alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, ndiyo maana mbinu yake inaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Wewe usitege kwa simu, tafadhali.

Mitandaoni ingia baada ya chakula cha mchana, tena uwe na shughuli: weka aya moja ya makala iliyotoka, jibu wahariri, toka. Mimi LinkedIn imeniletea kazi nyingi kuliko Instagram, ingawa Instagram ndiyo tamu.

Laini ya kazi iwe kwenye WhatsApp Business, uweke ujumbe unaojituma kwamba unapatikana saa nane hadi kumi na moja. Yule mteja wa saa nne usiku anayetaka "kitu kidogo tu", mtajie bei ya hicho kidogo, na nusu iingie M-Pesa kabla hujafungua kompyuta.