Je, tabaka la chini ndilo kongwe siku zote?

SWALI: Tumechimba shimo la mita 2. Ukuta wake una mikanda mitatu: mweusi juu, mwekundu katikati, wa kijivu wenye mawe chini. Nimesoma kwamba tabaka la chini ndilo lililotangulia. Ni kweli?

JIBU: Kanuni hiyo, aliyoieleza mwanasayansi wa Denmark, Nicolas Steno, mwaka 1669, inahusu mashapo yaliyotua moja juu ya jingine, kama tope na mchanga wa mto. Mikanda yako huenda haikutua hivyo kabisa. Udongo hujigawa palepale ulipo: mboji huutia weusi juu, maji ya mvua hushuka na chembe za mfinyanzi na kuziacha katikati, ambako chuma kilichoshika kutu huleta wekundu. Chini kabisa, mwamba bado unavunjikavunjika.

Kwangua ukuta kwa kisu kutoka juu kwenda chini, maana sepetu hupaka udongo na kuficha mipaka. Unyunyizie maji kidogo; udongo mkavu hudanganya rangi. Sasa tazama mpaka wenyewe. Ukififia taratibu, kwa sentimita 10 hivi, yaelekea udongo umejigawa. Ukiwa mkali, tena una mstari wa kokoto za mviringo, shuku mafuriko ya kale. Ila shamba lililolimwa lisikuchanganye: plau nayo huacha mpaka mkali, mara nyingi kwenye kina cha sentimita 20 hadi 30.

Kwa miamba ya mashapo, kanuni hukwama pale matabaka yalipokunjwa hadi yakapinduka. Hapo kagua chembe: kwa kawaida kubwa hutua kwanza, ndogo baadaye. Ukizikuta kinyume katika matabaka kadhaa, si moja tu, huenda unatazama mwamba uliolala kichwa chini.