Baruti Inayotosha: Nilivyojifunza Kushindilia Rivolva ya Fataki

Wiki iliyopita, nikiwa nimekaa barazani kwangu Shangani hapa Mtwara, nilipokea ujumbe wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Newala, ambaye sasa anaishi Ohio nchini Marekani. "Shikamoo mjomba," aliandika. "Nimenunua rivolva ya baruti nyeusi kama ile uliyokuwa nayo. Nimejaza baruti mpaka risasi imeingia kwa shida. Inapiga kama radi, lakini shabaha haiguswi. Nibadilishe risasi?" Aliambatanisha picha mbili. Ya kwanza ilionyesha rivolva ya kaliba .44, yaani upana wa mtutu kwa inchi, yenye fremu (mwili wa silaha unaobeba silinda na mtutu) ya shaba ya njano inayong'aa kama sinia la harusi, na ya pili ilionyesha karatasi yenye matundu manne, kila moja katika pembe yake.

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu, kwa sababu mwaka 2013 nilikuwa na karatasi ya namna hiyo hiyo mkononi. Nimeamua kumjibu hadharani, kwani najua wapo vijana wetu wengi wa Kusini walioko ughaibuni ambao wameupenda mchezo huu na wangependa siku moja kusimama kwenye mashindano, lakini hawajapata mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kwa wasomaji walioko nyumbani. Huko Marekani sheria ya shirikisho ya 1968 huziweka rivolva hizi za fataki, yaani zinazowashwa kwa kifuniko kidogo cha kulipuka nyuma ya kila tundu, katika kundi la silaha za kale, na ndiyo maana mpwa wangu ameweza kununua yake kwa urahisi. Hapa kwetu hali ni tofauti, kwa kuwa sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 inataka kibali, na gobore lililochongwa na fundi wa kijijini kutokana na bomba la maji halihusiani hata kidogo na vipimo nitakavyovitaja. Bomba lile halikupimwa na mtu yeyote. Mwenye nalo alisalimishe kituo cha polisi.

Nilikaa Pennsylvania miaka tisa nikifanya kazi ya uuguzi. Mwenzangu mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyenipeleka kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, na moshi mweupe ulipotanda mbele yangu, harufu yake ilinirudisha moja kwa moja katika mikorosho ya marehemu baba, mwezi wa sita, tulipokuwa tukirudi nyumbani na salfa imetujaa kwenye nywele na nguo. Salfa ni sehemu ya baruti nyeusi, pamoja na shura na makaa, kwa hiyo pua yangu haikukosea. Mwezi uliofuata nikanunua rivolva yangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa lile lile la mpwa wangu. Niliona silinda, lile gurudumu linalobeba baruti na risasi, ina matundu sita yenye kina, nikadhani kina kile ndicho kipimo. Nilimimina greini 35 (greini ni kipimo kidogo cha uzito), nikashindilia risasi kwa nguvu zote, na kila mlio ulipotoka nilijiona mwanamume. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Dukani walinipa risasi za duara za inchi .451, ilhali matundu ya silinda yangu yalihitaji .454. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa ukurasa wa daftari, nami nikaipuuza.

Risasi inayofaa lazima iwe kubwa kidogo kuliko tundu, ili mkono wa kushindilia, yaani wenzo ulio chini ya mtutu, unapoisukuma ndani, mdomo wa tundu uikate pembeni na kuacha pete nyembamba, kamili, inayong'aa kama uzi wa fedha. Pete hiyo ndiyo ushahidi kwamba tundu limezibwa pande zote. Zangu hazikuacha pete. Ziliteleza zikaingia tu, nami nikafurahi kwamba kazi ni nyepesi.

Siku ya mashindano madogo ya klabu, nilivuta kifyatulio mara moja na matundu mawili yakawaka kwa pamoja. Moto wa tundu la juu ulipenya pembeni mwa risasi iliyolegea katika tundu jirani, na risasi hiyo ikatoka nje ya mtutu, ikachimba udongo hatua chache mbele ya miguu yangu. Hadi leo nina kovu dogo kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ambao nilikuwa nimeuweka mbele mahali usipostahili kuwa. Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno. Msimamizi wa uwanja alinijia, akaichukua rivolva, akasema mbele ya watu wote kwamba huenda kwetu Afrika tumezoea magobore ya kujaza kokoto. Watu walicheka. Mwenzangu wa zamu ya usiku hakucheka, na nitamshukuru kwa hilo mpaka nife.

Niliweka silaha chini kwa muda wa miezi minne, kisha nikanunua daftari.

Nilichojifunza kutoka katika daftari lile ni kwamba ukubwa wa tundu haukuambii kipimo cha baruti. Karatasi ya shabaha ndiyo inayokuambia. Nilianza na greini 15, nikapiga risasi tano kwa mita 25, nikabandika karatasi. Kisha greini 18, kisha 20, kisha 22, kisha 25, kila mara nikibadilisha kitu kimoja tu. Kwa silaha yangu ya .44, matundu ya karatasi yalikusanyika vizuri kwenye greini 20, ambazo ni kama gramu 1.3 tu, yakaanza kutawanyika tena kwenye 25. Risasi ya duara ya .44 ina uzito wa takribani greini 140, na kwa umbali wa mita 25 haihitaji kusukumwa kwa hasira. Silaha yako inaweza kupenda 18 au 23. Iulize yenyewe, bila kuvuka kiwango ambacho mtengenezaji ameandika katika kitabu chake.

Kipimo kidogo huleta tatizo lake, kwa sababu risasi hubaki chini sana ndani ya tundu. Usiache nafasi ya hewa kati ya baruti na risasi kamwe, kwani risasi ni lazima ikalie baruti. Wapigaji wengi hujaza nafasi hiyo kwa unga wa mahindi wa chengachenga juu ya baruti, ili risasi ipande karibu na mdomo wa silinda. Mimi nilitumia unga, kisha risasi, kisha mchanganyiko wa nta na shahamu juu yake, ambao hulainisha masizi na kusaidia kuzuia moto usirukie matundu mengine. Grisi ya gari haifai, maana ikichanganyika na masizi ya baruti huganda kama lami.

Mpwa wangu aliponipigia kwa video, nilimwonyesha namna ya kupima. Baruti sina hapa Mtwara wala sitaki kuwa nayo, ila kipimo changu cha shaba nimekihifadhi kama kumbukumbu, na nyumbani hakukosekani ufuta. Nilikiweka kwenye alama ya 20, nikamimina ufuta mpaka ukafurika, nikausawazisha kwa ncha ya kisu. Kisha nikakigonga mara tatu kwa ukucha. Ufuta ulishuka, pakabaki nafasi ya punje mbili hivi juu. "Umeona?" nilimwambia. "Ukigonga leo na usipogonga kesho, unapiga vipimo viwili tofauti huku ukidhani ni kimoja." Gonga kila mara au usigonge kabisa. Na baruti imiminwe kwanza kwenye kipimo, isitoke kwenye chombo kikubwa moja kwa moja hadi kwenye silinda, kwa sababu cheche moja iliyobaki ndani ya tundu itageuza chombo hicho kuwa bomu mkononi mwako. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi haitumiki katika silaha hizi hata kwa kiasi cha kijiko cha chumvi. Itaipasua.

Kuhusu fremu ya shaba, nilimweleza kwa upole lakini bila kumficha. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, upande wa Kusini ulikosa chuma, na kiwanda cha Griswold kule Georgia kikatengeneza rivolva za fremu ya shaba, lakini zilikuwa za kaliba .36. Shaba ni laini. Kila mlio mkubwa huisukuma silinda nyuma na kuacha alama ya duara kwenye fremu, na taratibu silaha hulegea. Hata chuma cha enzi zile kilikuwa na mipaka yake, kwani Colt Walker, rivolva kubwa ya Marekani ya 1847, ilibeba greini 60 na silinda zake nyingi zilipasuka. Vijana wangu, msikimbilie kishindo. Kishindo hakihesabiwi pointi. Katika shindano la kimataifa liitwalo Mariette, mpigaji hufyatua risasi 13 kwa mita 25 na 10 bora ndizo huhesabiwa, na hakuna jaji anayeuliza moshi wako ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Risasi ziwe za madini ya risasi safi, laini, ambayo ukucha unaweza kuyachora. Vyuma vya mizani ya magurudumu viacheni, kwani huwa vigumu na huvunja mkono wa kushindilia. Zile risasi zenye ncha nazo hukaribia au kuzidi greini 200, hukalia nafasi ya baruti na kuongeza shinikizo, kwa hiyo mwenye fremu ya shaba asizitamani. Na jioni ile ile silaha ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama masalia yanayovuta unyevu, na kutu haisubiri asubuhi.

Mwaka 2018 nilirudi katika uwanja ule ule, nikashika nafasi ya pili. Msimamizi alinipa mkono bila kusema neno, nami sikuhitaji neno lake. Karatasi ya siku ile nimeitia kwenye fremu, ipo sebuleni karibu na picha ya baba.

Jana usiku mpwa wangu ametuma picha nyingine. Ametumia risasi za .454, pete imekatika kamili katika matundu yote, baruti greini 18 na unga juu yake. Kwenye karatasi, matundu manne yanafunikwa na kisosi cha chai, la tano limekwenda chini kushoto. Ameniuliza kama apande hadi 20. Nimemwambia apige karatasi tano zaidi za 18 kwanza, na anionyeshe fremu nyuma ya silinda.