Mwanangu, Unga Hautiwi Katika Mchuzi Unaochemka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili nikiwa nimekwisha shika kalamu. Unasema nyama uliioka vizuri, ukaiondoa, ukamimina maji ya moto ndani ya treya, na mchuzi ulipoanza kuchemka ukautia vijiko vitatu vya unga wa ngano. Ukakoroga hadi mkono ukachoka, na bado ukaambulia maji ya kijivu yenye mabonge meupe na ladha ya unga mbichi. Kisha unaniuliza mambo mawili: kosa lilikuwa wapi, na kama kuna haja ya kuhangaika na rojo la kutengeneza mwenyewe ilhali lipo la pakiti linalotaka maji ya moto tu. La pili halina maneno mengi. Haja ipo, kwa sababu ladha ya nyama uliyoioka wewe imebaki ndani ya treya yako, na hakuna aliyeweza kuitia katika pakiti. La kwanza ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Unga wa ngano, kwa sehemu kubwa, ni chembe ndogo mno za wanga. Zikikutana na maji baridi zinalowa na kuzama, basi. Joto likipita nyuzi 60 za Selsiasi hivi ndipo zinapoanza kufyonza maji na kuvimba, na kadiri mchuzi unavyokaribia kuchemka ndivyo zinavyozidi kutanuka na kubanana, hata maji yaliyo kati yake yakakosa nafasi ya kutiririka kama mwanzo. Huo kubanana ndio uzito wa rojo. Sasa litazame bonge la unga lililoangukia mchuzi unaochemka: chembe za nje zinavimba papo hapo na kuwa gundi, gundi hiyo inalifunika bonge lote, na unga wa ndani unabaki mkavu kama ulivyotoka kwenye mfuko. Ndiyo maana ulipata madhara mawili kwa mpigo, mchuzi mwepesi na ladha mbichi, kwa kuwa unga uliopaswa kufanya kazi ulikuwa umefungiwa. Ungekoroga hadi asubuhi, ungekuwa unayasukuma mabonge huku na huku tu.

Kwa hiyo kazi yote ni kuzitenganisha chembe kabla hazijakutana na maji ya moto, na kinachozitenganisha vizuri kuliko vyote ni mafuta. Unga ukikaangwa ndani ya mafuta, kila chembe inavikwa utando mwembamba wa mafuta na kuachana na mwenzake, nayo maji yanapoingia yanazikuta zimetawanyika. Mafuta hayo huna haja ya kuyanunua. Yametoka kwenye nyama yenyewe na yamo ndani ya treya, tena yamekwisha kolea ladha.

Lakini kabla sijafika kwenye unga, nataka nikae kidogo kwenye treya, kwa sababu naona watu wengi wanashughulika na uzito wa rojo na kusahau kwamba uzito pekee hauna ladha yoyote. Ule ukoko wa kahawia ulioshika chini ya treya, ambao nahisi ulitaka kuuloweka na kuusugua, ndio rojo lenyewe. Vingine vyote ni vya kuubeba. Nyama inapooka, majimaji yake yanachuruzika, maji yanakauka, na kinachobaki ni protini na sukari kidogo ambazo kwa joto kali zinaungana na kuzaa harufu na rangi ya kitu kilichookwa. Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, aliueleza muungano huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Unakwenda kasi joto linapokaribia au kupita nyuzi 140, na kwa kuwa maji hayapandi zaidi ya 100 katika sufuria ya kawaida, nyama ya kuchemsha haigeuki kahawia na mchuzi wake hauna harufu ile. Ukilielewa hilo utaacha kumimina maji ndani ya treya nyama ikiwa bado inaoka kwa hofu kwamba itakauka. Ukiona ukoko unaanza kuwa mweusi, hapo sawa, nyunyiza maji kidogo, lakini usiigeuze treya kuwa sufuria ya kuchemshia.

Tofauti ya kahawia iliyoiva na nyeusi ni ya dakika chache, nami niliijua kwa aibu. Siku moja, nikidhani oveni imezimwa, nilirudisha treya ndani pamoja na nyama yake, nikaenda kuongea na wageni. Ukoko ukawa mweusi kama lami. Badala ya kuutupa nilijidanganya kwamba supu itaufunika, nikatengeneza lita nzima ya rojo zuri kwa macho na chungu kama shubiri. Mama yako alionja, akaweka kijiko chini, akaomba chumvi ya kunyunyizia nyama kavu. Ukoko uliokuwa mweusi hauna tiba, na ni heri ukose ukoko kabisa utumie supu pekee.

Sasa tuje kwenye utaratibu. Nyama ikitoka, iache ipumzike kwenye sahani kubwa, nawe mimina kila kilicho majimaji kutoka kwenye treya hadi kwenye chombo kirefu chembamba. Kiache kitulie dakika kama kumi. Mafuta yatapanda juu na majimaji ya nyama yatakaa chini, na utaweza kuyachota mafuta kwa kijiko bila kubahatisha. Katika treya iliyobaki na ukoko, mimina kikombe kimoja cha supu ya moto, iweke juu ya moto mdogo kama treya ni ya chuma, kisha kwangua kwa mwiko wa mbao mpaka sehemu ya chini iwe safi na supu iwe ya kahawia. Kama treya ni ya kioo, usithubutu kuiweka jikoni juu ya moto wala kuimwagia kitu cha baridi, maana itapasuka. Supu ya moto na subira ya dakika chache zinatosha kuulainisha ukoko.

Vipimo ninavyotumia kwa rojo la watu wanne au watano ni vijiko vinne vikubwa vya mafuta, vijiko vinne vikubwa vya unga vilivyosawazishwa juu, na nusu lita ya supu ukihesabu pamoja yale majimaji ya nyama na ile uliyokwangulia ukoko. Usikose kupima mafuta. Mafuta yakiwa mengi kuliko unga, ziada itaelea juu ya rojo na kila mlaji ataiona. Yakiwa machache mno, sehemu ya unga itabaki kavu na mabonge yatarudi kwa mlango wa nyuma. Nyama ikitoa mafuta kidogo, jazia siagi.

Pasha mafuta katika sufuria kwa moto wa wastani, tia unga wote, na ukoroge bila kuacha. Mwanzoni utaona kitu kama mchanga uliolowa, kisha kitalainika na kutoa povu dogo dogo. Baada ya dakika mbili au tatu harufu ya unga mbichi itaondoka na kuja harufu inayokumbusha biskuti. Hapo unaweza kuendelea na supu, au ukavumilia dakika nyingine tano hadi kumi mpaka unga uwe wa rangi ya karanga zilizokaangwa. Mimi hupenda rangi hiyo kwa nyama nyekundu na ile ya mwanzo kwa kuku, lakini ujue kuna gharama: joto kavu huikata minyororo ya wanga, hivyo unga uliokaangwa sana unakuza ladha na kupoteza sehemu ya nguvu yake ya kushika maji. Ukiukaanga hadi kahawia, ongeza kijiko kimoja cha unga tangu mwanzo pamoja na mafuta yake, au punguza supu.

Supu iwe ya vuguvugu au ya moto, na hapa ndipo unapotakiwa kuzuia haraka yako. Mimina kiasi cha upawa mmoja tu. Mchanganyiko utashtuka, utakaza na kuwa kama ugali laini, nawe utadhani umeharibu, hujaharibu. Koroga kwa nguvu mpaka uwe laini kabisa ndipo utie upawa wa pili, ukoroge tena, kisha wa tatu. Baada ya hapo unaweza kumimina iliyobaki yote kwa mkondo mwembamba huku ukiendelea kukoroga. Chombo cha waya cha kupigia mayai kinafaa kuliko mwiko, ila usisahau pembe za sufuria ambazo waya haufiki. Rojo likianza kuchemka, punguza moto litokote taratibu kwa dakika kumi. Dakika hizo si za mapambo, kwani ndizo zinazowapa wanga nafasi ya kuvimba wote na kuondoa mabaki ya ule ubichi uliolalamikia.

Ili kujua kama limefikia, chovya kijiko, kigeuze, na upitishe kidole mgongoni mwake. Njia ya kidole ikibaki wazi, limefikia. Liondoe motoni likiwa jepesi kidogo kuliko unavyolitaka mezani, kwa kuwa litazidi kukaza linapopoa. Chumvi ije mwisho kabisa. Supu yako ina chumvi, majimaji ya nyama yana chumvi, na kila tone la maji linalopaa linaiacha chumvi yake nyuma: nusu lita ikipungua hadi robo lita, ukali wa chumvi unakuwa maradufu. Baada ya chumvi onja tena, na kama ladha inaonekana nzito isiyo na uhai, matone machache ya siki au ndimu huiamsha bila mtu kujua kwamba kuna uchachu.

Kuhusu supu, ambayo hukuiuliza lakini maji matupu uliyotumia yameniuma, anza na mifupa. Mifupa, shingo, mabawa na viungo vya kuku vikichemshwa kwa moto mdogo saa mbili au tatu, ile gundi ya asili iliyo katika ngozi na viungo inayeyuka na kuwa jelatini. Supu ya namna hiyo ikipoa kwenye friji hutikisika kama jeli, na rojo lake hukaa ulimini kwa ulaini ambao unga peke yake hauwezi kuuleta.

Likiharibika, usilimwage haraka. Mabonge yanatoka kwa kichujio, ila ukumbuke kwamba unayachuja pamoja na unga uliomo, hivyo kilichobaki kitakuwa chepesi. Kikaze kwa kusaga siagi laini na unga kwa vipimo sawa, kisha kutia vidonge vidogo vya mchanganyiko huo kimoja kimoja huku rojo likitokota. Rojo zito mno linataka supu tu. Wanga wa mahindi, yaani kornflawa, nao hufanya kazi, na unamfaa asiyekula ngano: kijiko kimoja chake hushika kama viwili vya unga wa ngano, unakorogwa kwanza katika maji baridi, na hutoa rojo linalong'aa. Mimi siupendi sana kwa nyama ya kuoka, kwa sababu hauna ladha ya kukaangwa, tena ukichemshwa muda mrefu na kukorogwa kwa nguvu huachia na rojo hurudi kuwa maji.

Jambo dogo ambalo huenda likakufanya ucheke: kijiko ulichokionjea usikirudishe ndani ya rojo lililopoa. Mbali na usafi, mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi ambacho kazi yake ni kuvunja wanga, na rojo zito linaweza kukutwa jepesi kesho yake bila sababu unayoiona. Lililobaki liingie kwenye friji ndani ya saa mbili, katika vyombo visivyo na kina ili lipoe upesi. Kuna bakteria anayeitwa Clostridium perfringens anayependa hasa michuzi ya nyama iliyoachwa ipoe polepole katika sufuria kubwa, na maumivu ya tumbo anayoyaleta si ya kutania. Lihifadhi siku tatu, nne zikizidi sana, na unapolipasha hakikisha linachemka lote. Litatoka kwenye friji limeganda kama uji wa jana. Tia supu kidogo, lipashe kwa moto mdogo huku ukilikoroga kwa ule waya, na litalainika tena.

Ukioka tena, niandikie ukoko ulikuwa wa rangi gani na mafuta yalijaa vijiko vingapi. Kwa hayo mawili nitaweza kujua kilichotokea hata nikiwa mbali na jiko lako.

Akupendaye,
Baba yako