Wachezaji wa zamani wa mpira wa Australia: niliowaona na niliosimuliwa

Ndugu yangu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kuandika. Umesema kijana wako amejiunga na klabu ya watoto huku magharibi mwa Melbourne, na kwamba kila akitoka mazoezini anarudi nyumbani na majina ambayo hujapata kuyasikia: Whitten, Farmer, Coleman, Barassi. Unataka kujua watu hao walikuwa nani, na kama ni kweli kwamba walikuwa hodari kuliko hawa wa sasa. Mwenzetu aliyetangulia kukujibu amekuwekea orodha ya wafungaji: Tony Lockett magoli 1,360, Gordon Coventry 1,299, Jason Dunstall 1,254. Orodha hiyo ni sahihi na sina ugomvi nayo. Ila majina manne aliyokuletea mtoto hayamo humo hata moja, na bado ndiyo majina ambayo wazee wa hapa huyataja mwanzo. Nitajaribu kukueleza kwa nini, kwa jinsi nilivyofundishwa mimi mwenyewe.

Nilifika Melbourne mwaka 1992 nikiwa mwanafunzi, nikitokea Tanga, na mwisho wa wiki nilifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Miongoni mwao alikuwamo mzee aliyekuwa shabiki wa klabu ya Footscray tangu utotoni. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Aliweza kuuliza mara tatu kama chakula cha mchana kimeshaletwa ilhali sahani iko mbele yake. Lakini ukimtajia mwaka 1954, mwaka ambao Footscray ilitwaa ubingwa wake wa kwanza, alikitaja kikosi kizima, mtu na nafasi yake, bila kujikwaa. Kila Jumamosi alasiri nilimwashia redio, nikamkalia karibu, naye akanifundisha mchezo ambao mimi, niliyekulia kwenye soka, niliuona kama vurugu tupu.

Kwa ambao hawajauona: uwanja ni wa umbo la yai, mpira nao ni wa umbo la yai, na kila timu ina watu 18. Kila upande kuna milingoti minne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu ya katikati ni goli la pointi 6, na ukipita kati ya mrefu na ule mfupi wa pembeni yake ni pointi 1. Kuudaka mpira uliopigwa kwa mguu kabla haujagusa chini kunampa mdakaji haki ya kupiga bila kusumbuliwa, ndiyo maana watu wanarukiana mabegani. Kuurusha kwa mkono hairuhusiwi. Unapotaka kumpa mwenzio wa karibu, unauweka juu ya kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili.

Mzee huyo aliniambia, siku za mwanzo kabisa, kwamba anayefuata mpira kwa macho haoni kitu, na kwamba anayetaka kuuelewa mchezo huu aitazame mikono. Hapo ndipo aliponieleza habari za Graham Farmer, ambaye kila mtu alimwita Polly. Alichukua taulo, akalikunja likawa kama mpira, akaliweka juu ya kiganja cha kushoto, akanionyesha ngumi ya kulia inavyotoka chini karibu na kiuno, inavyopanda, na inavyoendelea kuelekea kwa yule anayepewa hata baada ya mpira kuondoka. Taulo lilivuka chumba likanigonga kifuani. Mkono uliokuwa ukitetemeka alipokuwa akishika kikombe haukutetemeka wakati ule.

Kabla ya Farmer, pigo la ngumi lilikuwa njia ya kujiokoa, kitu cha kufanywa na mchezaji aliyekwisha kubanwa. Yeye aliligeuza kuwa silaha ya kushambulia. Kazi yake ilikuwa kuruka katikati ya uwanja kugombea mpira unaorudishwa mchezoni na mwamuzi, na wakati wengine waliridhika na kuupangua tu, yeye aliudaka angali hewani na kabla miguu haijatua alikuwa ameshauona upenyo na kumpelekea mwenzake anayekuja mbio, mara nyingi Bill Goggin, aliyekuwa mdogo na mwepesi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akifanya kazi kwenye yadi ya magari alijizoeza kwa kuupitisha mpira katika madirisha ya magari yaliyoegeshwa. Aliichezea Geelong kuanzia 1962 hadi 1967 na akawa bingwa nayo mwaka 1963, lakini kabla ya hapo alikuwa ameshajijengea jina kwao Perth. Alikuwa wa jamii ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa nchi hii, na alilelewa katika makazi ya watoto wa wenyeji waliokuwa mbali na familia zao. Hebu fikiria mtoto wa malezi hayo, katika Australia ya miaka ile, akaja kubadilisha jinsi mchezo wenyewe unavyochezwa. Huwezi kukiona kitu kama hicho katika orodha ya magoli.

Ron Barassi naye anaingia hapa. Mwaka 1970, mbele ya watazamaji 121,696 katika uwanja wa MCG (Melbourne Cricket Ground), idadi ambayo haijapata kufikiwa tena, timu yake ya Carlton ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma ya Collingwood kwa pointi 44. Barassi alikuwa kocha. Aliwaagiza wachezaji wake waache kupiga mipira mirefu ovyo, wauchezeshe kwa ngumi, wakimbie na kupeana hata pale inapoonekana ni hatari. Akamwingiza kijana wa akiba, Ted Hopkins, ambaye akafunga magoli 4, na Carlton ikashinda kwa pointi 10. Wazee wengi wa hapa husema mchezo wa kisasa ulizaliwa mchana ule. Mimi nadhani ulizaliwa mapema zaidi, mikononi mwa Farmer, ila siku ile ndipo kila mtu aliuona. Barassi mwenyewe alikuwa ametwaa ubingwa mara 6 akiwa mchezaji wa Melbourne, na baba yake, ambaye pia aliichezea klabu hiyo, aliuawa vitani Tobruk mwaka 1941, mtoto akiwa bado mdogo sana. Katika fainali hiyohiyo Alex Jesaulenko aliruka juu ya mgongo wa mpinzani wake, Graeme Jenkin, akaudaka mpira kwa namna ambayo mpaka leo picha yake imetundikwa katika baa za mji huu. Jesaulenko alizaliwa Salzburg, mtoto wa wakimbizi wa vita. Ninamtaja kwa makusudi, kwa sababu najua wengi wetu humu watoto wetu wamezaliwa safarini.

Kuhusu John Coleman nitasema kwa kifupi. Aliichezea Essendon mechi 98 tu na kufunga magoli 537. Mechi yake ya kwanza, mwaka 1949, alifunga 12. Mwaka 1954 goti liliharibika, naye alikuwa na umri wa miaka 25, basi ukawa ndio mwisho wake. Medali anayopewa mfungaji bora kila mwaka imepewa jina lake ingawa wapo kadhaa waliomzidi kwa idadi, na nadhani hilo peke yake linaonyesha watu wa hapa wanahesabu nini.

Ted Whitten ndiye niliyemwona kwa macho yangu, japokuwa si akicheza. Alikuwa wa Footscray maisha yake yote, na alikuwemo katika kikosi kile cha 1954 akiwa kijana. Alicheza mechi 321, nyingi kati ya hizo akiwa nahodha na kocha kwa wakati mmoja. Mzee wangu alipenda kunionyesha jinsi Whitten alivyoutoa mpira kwa kiganja kilicho wazi badala ya ngumi, kwa kasi ambayo mwamuzi hakuweza kujua kama umepigwa au umerushwa. Baadaye mtindo huo ulikatazwa. Mwezi wa Juni 1995, kabla ya mechi ya timu za majimbo ya Victoria na Australia Kusini, ilitangazwa kwamba Whitten atazungushwa uwanjani kuwaaga watu. Alikuwa na saratani na macho yalikuwa hayaoni tena. Mimi na wanafunzi wenzangu wawili tulikuwa tumekaa upande ambao gari lilipita karibu. Alikuwa kwenye gari la wazi, mwanawe yuko naye, akipunga mkono, na niliona kwamba hapungii mtu bali anapungia sauti: kelele zikizidi kushoto, uso unageukia kushoto, zikizidi kulia, unageukia kulia. Uwanja ule una mashabiki wasiopatana, watu ambao wamezomeana tangu utotoni, na wote walikuwa wamesimama. Mwanamume wa makamo aliyekuwa mbele yangu, aliyevaa skafu ya Collingwood, alilia bila kujificha. Whitten alifariki mwezi wa Agosti mwaka uleule. Nilipokwenda kazini Jumapili iliyofuata mzunguko ule, mzee aliniuliza swali moja tu, kama mkono wake ulikuwa bado na nguvu. Nikamwambia ndiyo, na haukuwa uongo.

Sasa nije kwa Nicky Winmar, ambaye kwangu mimi ndiye wa kwanza kuliko wote. Tarehe 17 Aprili 1993 timu yake, St Kilda, iliifunga Collingwood kwao, uwanja wa Victoria Park. Mchana kutwa Winmar na mwenzake Gilbert McAdam, wote wenyeji wa asili, walikuwa wametukanwa rangi yao na sehemu ya mashabiki. Kipenga cha mwisho kilipolia, Winmar alisimama akiwakabili mashabiki hao, akainua jezi yake kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono wa pili akaionyesha ngozi ya tumbo lake, akisema kwamba yeye ni mweusi na anajivunia. Picha ilitoka kesho yake. Niliikuta gazetini katika chumba cha chai pale kazini, na nakumbuka nilisahau kabisa chai niliyokuwa nimeifuata. Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika nchi hii, nilikuwa nimeshaitwa majina kwenye treni, na nilikuwa nimejifunza kutazama dirishani mpaka kituo changu kifike.

Nikalichukua gazeti nikampelekea mzee. Aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba Farmer aliyasikia maneno hayohayo kwa miaka yote, na kwamba hata yeye mzee mwenyewe, alipokuwa shabiki kijana, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiyapiga mayowe hayo. Hakusema zaidi, akanirudishia gazeti. Sikujua nimjibu nini, wala leo sijui, lakini nilimheshimu kwa kulisema mbele yangu. Mwaka 1995 Michael Long wa Essendon alikataa kunyamaza baada ya kutukanwa katika mechi, na ligi ikaweka kanuni rasmi ya kukataza matusi ya rangi uwanjani. Sanamu ya Winmar akiwa ameinua jezi imesimama Perth tangu 2019. Mwanao akisikia kwamba Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, mwambie pia nani waliotangulia kuisafisha njia hiyo.

Umeuliza kama walikuwa hodari kuliko wa sasa. Kwa mbio na pumzi, hapana. Wa sasa ni wanamichezo wa kulipwa wanaofanya mazoezi kila siku, wanapumzishwa benchi na kurudishwa, na wanakimbia umbali ambao mtu wa 1954, aliyetoka kazini akaenda mazoezini jioni mara mbili kwa wiki, asingeuweza. Gary Ablett baba, wa Geelong, ambaye nilimwona mara kadhaa katika miaka ya tisini, ndiye peke yake ambaye nina hakika angewashinda watu wa zama yoyote ile. Fainali ya 1989 alifunga magoli 9 na timu yake bado ikashindwa na Hawthorn kwa pointi 6. Lakini ukiitazama fainali hiyo utaona pia Dermott Brereton wa Hawthorn akigongwa sekunde za mwanzo kabisa mpaka akavunjika mbavu, akatapika uwanjani, kisha akaendelea kucheza. Watu huisimulia kama hadithi ya ushujaa, na zamani nami niliisimulia hivyo. Siku hizi siwezi. Farmer alifariki mwaka 2019, na mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba uchunguzi wa ubongo wake umeonyesha ugonjwa unaotokana na kupigwa kichwa mara kwa mara. Kwa hiyo mwamuzi anapowaadhibu watoto kwa kugonga kichwa, na wazazi wenzako pembeni wakalalamika kwamba mchezo umelainishwa, tafadhali usiungane nao.

Ukitaka kumwonyesha kijana kitu kimoja tu, mtafutie picha za fainali ya 1970, kipindi cha tatu kati ya vinne, kile kinachofuata mapumziko, na mwambie atazame mikono ya watu wa Carlton. Kisha mwombe akukunjie ngumi yake. Kidole gumba kikae nje, pembeni ya vidole vingine. Kama amekificha ndani ya ngumi, mtolee, maana mpira mgumu wa siku ya baridi hukivunja.