Rangi Mbili Zilivyoniharibia Tumbo

Juzi usiku dada mmoja wa Urambo kaniandikia: "Dada, mume wangu ananiambia nikalale na watoto kwa sababu ya gesi. Nifanyeje?" Nilisoma nikaweka simu chini. Mimi nami nimeaibishwa kwa ajili ya tumbo, tena mbele za watu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, nakaa kwenye mashine tangu asubuhi hadi magharibi. Mwaka juzi, kila koo likiwasha nilikimbilia duka la dawa: "Nipe rangi mbili," yaani vile vidonge vya antibiotiki vyenye rangi mbili. Cheti sina. Nikimeza vidonge vinne nikapata nafuu, vilivyobaki natia kwenye kopo la vifungo hadi mafua mengine. Mwaka ukaisha hivyo, na choo kikafunga. Siku nne, siku tano, na kikija ni kigumu kama mbegu za ubuyu. Tumbo likajaa hadi magauni niliyojishonea mwenyewe yakanibana. Kwenye kikao cha harusi wifi yangu akapaza sauti: "Hongera, mama kijacho!" Sikuwa na mimba. Nilikuwa na miaka sita naitafuta. Neno lile bado liko hapa kifuani.

Nilikunywa haluli. Ilifungua siku moja, kesho yake nikarudi palepale.

Daktari niliyemwona baadaye hakuanza na tumbo, aliniuliza dawa nilizomeza mwaka ule. Nikamtajia, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria matrilioni. Hao huchachusha makapi ya mboga, maharage na nafaka yanayotushinda kumeng'enya, na hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Gesi hutoka kwenye kazi hiyohiyo, kwa hiyo kutoa hewa si ugonjwa. Lakini antibiotiki inaua wabaya pamoja na wazuri, na mafua ya virusi haiyagusi kabisa. Uwiano ukivurugika, vijidudu vinavyotoa methane vinaweza kuzidi, na gesi hiyo hupunguza mwendo wa utumbo. Choo kikikawia ndani, maji yake yananyonywa, kinakauka.

Nikatoka pale na hasira, nikapika sufuria ya maharage nikala siku tatu mfululizo. Nilikesha nimeshika tumbo! Bakteria waliopungua huwezi kuwabebesha mzigo wa ghafla. Nikaanza upya kidogo kidogo: dona badala ya sembe, mlenda, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) mawili matatu na chai, kikombe cha maziwa ya mgando jioni. Maharage nikayarudisha mwishoni, yamelowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, kwa sababu sehemu ya sukari zinazoleta gesi nyingi hutoka na yale maji. Maji nakunywa, na nyumbani Ipuli narudi kwa miguu. Ilichukua miezi minne. Leo naenda chooni kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na ninajivunia.

Ndugu zangu, acheni kununua antibiotiki kama pipi. Ukiandikiwa, meza kama ulivyoelekezwa. Na wewe wa Urambo, ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, unatapika, au hata hewa haitoki, nenda hospitali leo hii. Kama hayo hayapo, anza na dona na mgando, maharage yasubiri. Niandikie baada ya wiki mbili uniambie choo kinakwendaje.