Wasomaji Wanauliza: Umeme wa Rufiji, Umeme wa Ethiopia

Bwawa la Nyerere, Rufiji, lina megawati 2,115. Kwa nini Kaskazini tununuliwe umeme wa Ethiopia? – Msomaji, Moshi

Bwawa halina kosa, kinachosumbua ni njia. Kutoka Rufiji hadi Chalinze umeme husafirishwa kwa msongo wa kilovoti 400, lakini njia kongwe inayopanda Hale, Same hadi Moshi ni ya kilovoti 132. Msongo ukishuka, mkondo hupanda, na joto linalopotea kwenye waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo huo. Chukua megawati 50: kwa kilovoti 132 kila waya hubeba takriban ampea 219, kwa kilovoti 400 ni ampea 72 tu. Kwa waya wa aina moja, upotevu hutofautiana mara tisa. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alitaja hasara ya upotevu huo kuwa takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Utauliza, Ethiopia si mbali zaidi? Ni mbali kweli. Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ni kilomita 1,045. Ila njia hiyo ni ya umeme wa DC (mkondo unaokwenda upande mmoja tu) wa kilovoti 500, ambao kwa umbali mrefu hupotea kidogo kuliko wa AC (mkondo unaogeuka upande mara nyingi kwa sekunde). Isitoshe, umeme hauna chapa. Jirani na Suswa ipo mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, kwa hiyo kinachoingia Arusha kupitia Isinya na Namanga huenda kimetoka huko, na cha Ethiopia kikaishia Nairobi. Nani amlipe nani huamuliwa na mita za mpakani.

Cha kuwabana nacho wahusika ni bei. Uniti ya Ethiopia, ikijumlishwa na ada ya kuipitisha Kenya, ni nafuu kuliko ya Rufiji ikijumlishwa na gharama ya upotevu wa njiani? Hesabu hiyo isipowekwa mezani, malalamiko yenu yana msingi.

Tukiunganishwa na majirani, wao wakizimikiwa nasi si tutazimika? – Msomaji, Mombasa

Inawezekana. Septemba 6, 2024 njia ya Loiyangalani–Suswa, Kenya, ilijitoa ikiwa na megawati 288 za upepo, ikafuatiwa na ile ya Ethiopia iliyokuwa na 200. Zaidi ya robo ya umeme wa Kenya ilitoweka ghafla. Hapo jenereta zilizobaki huelemewa, zikapungua mwendo, na masafa, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, yakashuka chini ya hezi 50. Rilei, yaani swichi zinazojiendesha, zinapaswa kuzima baadhi ya maeneo mara moja ili mzigo ulingane na kilichopo. Zikizima kidogo mno au zikichelewa, mitambo hujitoa yenyewe isiharibike, na giza likaenea.

Kiungo cha DC hakihamishi mtikisiko wa masafa. Cha AC, kama Isinya (Kenya)–Singida (Tanzania) kilichowashwa Desemba 2024, hufunga nchi mbili kwenye mapigo yale yale. Ndiyo maana rilei za pande zote mbili zinatakiwa kupangwa kwa pamoja. Faida nayo ipo: jirani mwenye akiba huweza kukutegemeza kabla hujaanguka. Nyumbani, umeme ukikatika chomoa friji, na ukirudi ngoja dakika kumi.

Laini ya kilovoti 400 imepita shambani. Naweza kulima chini yake? – Msomaji, Kajiado

Mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa laini, Kenya una upana wa mita 60, yaani hekta sita kwa kila kilomita. Hiyo ni gharama ya ardhi ambayo wapigia debe gridi hupenda kuiruka. Maharagwe na malisho kwa kawaida huruhusiwa, ila pata idhini ya maandishi. Miti mirefu na majengo, hapana. Usichome mabua humo: moshi mzito na joto hudhoofisha hewa inayotenga waya na ardhi, umeme ukaruka. Uzio wa waya unaofuatana na laini uunganishwe na ardhi kwa fundi, la sivyo utakurusha hata bila kugusana na laini. Ukiona ndege wakubwa wamekufa chini ya nyaya, toa taarifa. Vionyeshi vya kuwatahadharisha hufungwa kwenye waya wa juu kabisa, ule mwembamba wasiouona.